Nani Alilipia Hii Filamu?

Tulikuwa sebuleni kwa shangazi, Kilifi, tumemaliza kuangalia The Letter. Majina yameanza kupanda kwenye skrini, mi nimeshanyoosha mkono nichomoe waya wa laptopu, shangazi akanizuia. Akavaa miwani, akasogeza kiti, akaanza kuyasoma majina moja moja, yale makubwa na yale madogo ya mwisho kabisa ambayo hata sisi tunaofanya hii kazi huwa hatuyasomi.

Alafu akaniuliza, "Hawa vijana, muda wote ule wanakwenda na kurudi kwa yule bibi, nani alikuwa anawalipa?"

Nikamjibu harakaharaka, wafadhili.

"Wafadhili gani? Wafadhili wanataka kisima."

Kwa ambaye hajaiona, ni filamu ya Maia Lekow na Chris King kuhusu bibi mzee wa hukuhuku Kilifi anayesingiziwa uchawi na baadhi ya watu wa familia yake mwenyewe, na mjukuu wake Karisa anatoka mjini anarudi nyumbani kujua nani anasema hivyo na kwa nini, na kadiri unavyokaa nao ndo unaanza kuona suala la ardhi limelala chini ya yote. Shangazi hakuwa na swali hata moja kuhusu uchawi. Hayo anayaishi, anajua kwa majina vijiji ambako wazee wameuawa kwa sababu ya mvi zao. Kilichomshinda ni hela. Nani atoe hela mwaka baada ya mwaka watu wakakae na bibi mmoja, na mwisho wake hakuna darasa lililojengwa, hakuna bango, hakuna mheshimiwa aliyekata utepe?

Swali hilo limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Nikiwa kazini linakuja, nikiwa kwenye feri Likoni linakuja.

Kati ya yale majina kulikuwa na Docubox. Na ukivuta uzi wa Docubox unafika kwa Judy Kibinge wa Nairobi, mwandishi na mtengeneza filamu, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2010 aliamua kuanzisha mfuko wa kusaidia watu wengine watengeneze dokumentari zao. Nimekuwa nikifikiria sana huo uamuzi wake, na siko hapa kumwaga sifa tu, kuna mambo bado yananitatiza.

## Video za kisima

Mi nakula kwa kamera. Harusi ndo zinalipa kodi ya nyumba, na msimu wa harusi ukipoa tunatafuta kazi za miradi, yaani zile video za mashirika. Mtu yeyote anayeshika kamera kutoka Lunga Lunga mpaka Lodwar anaijua hiyo kazi.

Skripti inafika kabla hujaona kijiji. Imeshaandikwa kwamba mama fulani alikuwa akitembea mbali kufuata maji na sasa hatembei tena. Kazi yako ni kwenda kumtafuta huyo mama. Ukimpata unamuomba abebe mtungi mtupu aende nao hadi kwenye mti alafu arudi, unapiga droni, unapiga watoto wanacheka, unaweka muziki wa gitaa, dakika saba imeisha. Nishawahi kupata mzee aliyeniambia mbele ya kamera kwamba pampu iliharibika zamani na wanarudi kulekule kwenye dimbwi, na aliongea vizuri sana yule mzee, kwa ucheshi na kwa machungu. Mteja akaniambia hiyo sehemu itoe.

Niliitoa. Ndo kazi.

Nayasema haya kwa sababu kwa miaka mingi hapa Kenya hela ya dokumentari ilikuwa karibu yote ni hela ya namna hiyo. Wenye vipaji walikuwepo, walijua kupiga picha, walijua kuhariri, ila walilelewa ndani ya kazi ambayo jibu linajulikana kabla ya swali. Ukifanya hivyo miaka kumi unakuwa fundi hodari sana wa kutoshangaa. Na dokumentari bila mtu kushangaa mi sijui inakuwa nini.

Kwa hiyo shangazi alikuwa amegusa palepale. Hela ya kisima ipo. Hela ya kukaa na bibi bila kujua mwisho utakuwaje, hiyo ndo ngumu, na mtu akiitafuta kwa ajili ya wengine nataka kujua alifikaje kwenye wazo hilo.

## Kutoka kwenye matangazo

Kibinge alizaliwa Nairobi mwaka 1967. Sehemu ya utoto wake ilipita Washington, baadaye akasoma Uingereza, ubunifu wa mawasiliano kule Manchester, akarudi Nairobi akaingia kwenye matangazo ya biashara. Alifika juu, mkurugenzi wa ubunifu pale McCann-Erickson. Kwa Nairobi ya miaka ya 90 hiyo ilikuwa kazi ambayo wazazi wanaisema kwa sauti kanisani.

1999 akaacha.

Hapa huwa nasimama kidogo. Hebu fikiria 1999 Kenya ilikuwaje. Uchumi umelala, wawekezaji hawaji, televisheni zinanunua vipindi vya nje kwa bei rahisi kuliko kutengeneza chochote hapa, na majumba ya sinema mengine yameshageuzwa makanisa. Tasnia ya filamu ya kuhamia haikuwepo. Mtu anaacha mshahara na gari la kampuni anaenda kwenye kitu ambacho lazima akijenge kwanza ndo akifanyie kazi.

Mwaka 2002 ikatoka Dangerous Affair, prodyusa Njeri Karago, filamu ya mapenzi na usaliti wa vijana wa Nairobi wenye kazi zao na simu zao. Wapo walioiona nyepesi. Mi nilikuwa bado mdogo nilipoiona, kwenye kaseti iliyokuwa inazungushwa mtaani, na kilichonikaa ni kwamba watu kwenye skrini walikuwa wanaongea kama dada zangu wakubwa. Hakuna swala anayekimbia, hakuna Mzungu aliyepotea nyikani. Ilipigwa kwa video, kwa haraka na kwa bei ya chini, na wengi wa waliofuata wanakiri kwamba hapo ndo walipoona inawezekana.

Miaka hiyohiyo kulikuwa na kile kizazi kilichozunguka jarida la Kwani?, waliokutana na Binyavanga Wainaina alipotoka kushinda tuzo ya Caine 2002, waandishi na wachoraji na watu wa filamu wakibishana Nairobi usiku kucha. Kibinge anatoka kwenye hewa hiyo, na mi naamini huwezi kuelewa alichokifanya baadaye bila kuijua hiyo hewa. Kwani? haikusubiri mchapishaji wa London aseme ndio. Walikusanyana wakachapisha.

Alafu akatengeneza Coming of Age, 2008, filamu fupi ya dakika chache tu, Kenya ya Kenyatta, ya Moi na ya Kibaki inavyoonekana na msichana anayekua humo humo ndani. Ndo ilimpa tuzo ya Afrika, AMAA, ya dokumentari fupi mwaka uliofuata. Nikiiangalia naona mtu wa matangazo hajapotea, anajua kusema jambo kubwa kwa sekunde tatu, ila sasa hauzi kitu.

## Baada ya Desemba 2007

Sitawaeleza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilikuwaje, wote tulikuwepo. Watu zaidi ya 1,100 walikufa, laki kadhaa wakahama makwao, na kila mmoja wetu ana jirani ambaye hawaangaliani tena sawasawa.

Kibinge aliingia humo akatoka na Something Necessary, 2013, kupitia ile programu ya mwongozaji wa Kijerumani Tom Tykwer na wenzake iliyotoa pia Soul Boy na Nairobi Half Life. Hii si dokumentari, ni hadithi ya kutungwa. Muuguzi Anne anaamka hospitalini mume amekufa, shamba limechomwa, mtoto ameumia. Na upande wa pili kuna Joseph, kijana aliyekuwa kwenye kundi lililoshambulia, anazunguka na hatia yake hajui aiweke wapi.

Nairudia sana ile filamu kwa sababu haimpi Joseph msamaha wa bure na pia haimfanyi mnyama. Ukitoka pale hujaambiwa umpende nani.

Nilikuwa nadhani hiyo ndo kilele chake. Mpaka nilipoiona Scarred, dokumentari yake kuhusu mauaji ya Wagalla.

## Wagalla

10 Februari 1984, wilaya ya Wajir. Wanajeshi na polisi wanakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia, wanawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Wanavuliwa nguo, wanalazwa kifudifudi kwenye jua la Wajir siku baada ya siku bila maji bila chakula. Waliokataa amri walipigwa risasi, waliojaribu kukimbia hivyohivyo. Serikali ikasema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliyokabidhi ripoti yake Mei 2013 inataja karibu elfu moja, na manusura wanasema idadi ni kubwa zaidi ya hapo.

Mtu mmoja aliyeokota majeruhi na miili ni Annalena Tonelli, Muitaliano aliyekuwa akitibu kifua kikuu Wajir tangu miaka ya 70. Alifukuzwa nchini. Baadaye akaenda kufanya kazi ileile Borama, Somaliland, na huko akauawa kwa risasi Oktoba 2003.

Sasa jiulize picha za Wagalla ziko wapi. Kaskazini Mashariki ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari tangu enzi za vita vya Shifta mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90. Mwandishi wa habari haingii tu anavyotaka. Kwa hiyo mauaji makubwa namna hiyo, yamefanywa na serikali kwa raia wake, yakabaki midomoni mwa wajane na wazee, na kwenye vitabu vichache, na huku chini kwetu watu walimaliza shule bila kusikia hilo jina. Mi nilimaliza bila kulisikia.

Scarred ilitoka 2015. Miaka 31 baadaye. Manusura wanaongea, na kamera inawaacha waongee mpaka mwisho wa sentensi, hata pale ambapo sentensi haimaliziki.

Niliiangalia na rafiki yangu wa kutoka Wajir, tunafanya naye harusi za Kisomali hapa Mombasa. Alikaa kimya. Baadaye akasema kwao babu zake wawili wamo kwenye hiyo idadi, na kwamba alikuwa anajua habari yote tangu mtoto ila hajawahi kuisikia ikisemwa na kitu kinachotoka Nairobi. Hicho ndo kilichomshangaza. Kwamba kimetoka Nairobi.

Hapo ndo mawazo yangu yakageuka.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejijengea hadithi yangu rahisi kuhusu Kibinge, kwamba alikuwa mtengeneza filamu mzuri alafu akaacha, akawa mtu wa ofisi na ripoti ili wengine watengeneze. Nilikuwa nasikitika kidogo kwa niaba yake. Lakini angalia miaka. Docubox ilikuwa imeshaanza wakati Scarred inatoka. Kazi yake nzito kuliko zote aliifanya akiwa tayari amebeba kazi za wengine mgongoni.

Na hii ni fikra yangu mwenyewe, sijamsikia akiisema, ila nadhani mtu akienda Wajir akakuta jambo la ukubwa huo limekaa miongo mitatu bila filamu, hawezi kurudi mjini akajiambia basi nimeshaitengeneza moja inatosha. Atajiuliza Wagalla nyingine ziko ngapi. Turkana, Mlima Elgon, Pwani kwetu. Na atajua maisha yake hayatoshi kuzimaliza.

## Shaka zangu mbili

Ya kwanza. Bado naona kuna filamu tulizozikosa. Kuendesha mfuko ni barua, ni bajeti, ni kusoma maombi ya watu usiku, ni kukataa watu unaowapenda. Wale wanaojua kazi hii wanajua kichwa cha kuhariri na kichwa cha kujaza fomu havikai pamoja asubuhi moja. Baada ya Scarred jina lake nimekuwa nikilikuta zaidi pembeni, kwenye shukrani za filamu za wengine. Nikisema hiyo haina gharama nitakuwa nadanganya. Mtu anayeweza kutengeneza Something Necessary akitumia mwaka mzima kuwatafutia wenzake hela, kuna kitu tumekinunua na kuna kitu tumekilipa.

Sijui kama tungewauliza Joseph na Anne wangesema imelipa.

Ya pili ni ya hela yenyewe. Docubox ilianza kwa msaada wa Ford Foundation. Mtu wa kwetu anatoa jina lake, muda wake na macho yake, lakini hundi inatoka ng'ambo. Na wapo wanaouliza, na si watu wajinga, kama hadithi zetu zitaendelea kulipiwa na watu wa mbali, je hatutaishia kutengeneza zile zinazowapendeza wao? Mateso kidogo, ushujaa kidogo, mwisho wenye matumaini.

Hili nimelizungusha sana. Nilichokuja kukiona ni kwamba swali la nani ana hela haliondoki, lakini kuna swali lingine lililo kabla yake: nani anakaa kwenye kile kiti cha kusema hii ndio, hii hapana? Pale Mwanza alikuja Hubert Sauper kutoka Austria akatengeneza Darwin's Nightmare, iliyotoka 2004, kuhusu sangara na ndege za mizigo na umaskini wa ziwani, ikazunguka dunia nzima, ikaenda hadi Oscar. Watanzania wengi waliumia, Rais Kikwete mwenyewe aliilalamikia hadharani 2006. Mabishano yakawa kama ile filamu ni kweli au uongo. Ila mi nilichokuwa naumia nacho ni kwamba hatukuwa na nyingine ya kuiweka kando yake. Hakuna kijana wa Mwanza aliyekuwa ameshalipwa kukaa pale Kirumba mwaka mzima na wavuvi aje na yake. Tulibaki na malalamiko tu, na malalamiko hayaonyeshwi kwenye sinema.

Hela ikipita kwenye mkono wa mtu anayejua kwa nini shangazi anasoma majina madogo, inafika ikiwa imebadilika kidogo. Si kabisa. Kidogo.

## Pesa ya kwanza

Wasiofanya kazi hii niwaeleze jambo moja, manake bila hili huwezi kuona kwa nini mfuko mdogo wa Nairobi una uzito.

Kwenye dokumentari pesa ngumu ni ya kwanza. Ukishakuwa na trela nzuri na miezi kadhaa ya futeji, yaani picha ulizokwisha kupiga, unaweza kwenda Durban kupichi, yaani kuuza wazo lako, unaweza kwenda kwenye matamasha makubwa, Amsterdam kule IDFA, Hot Docs Toronto, Sundance, utakutana na watu wenye fuko kubwa. Ila wote watakuuliza kitu kilekile, nani mwingine ameshaingia? Na nyumbani kwenu wamechangia nini? Na mifuko mingine ya Ulaya itataka uwe na prodyusa wa kwao, na hapo ukienda mikono mitupu unajikuta wewe mwenye hadithi ndo mdogo mezani. Ukienda umeshapata hela kutoka Nairobi, una haki ya kusema hapana.

Docubox ilikaa kwenye hilo pengo. Kukupa cha kuanzia, kukuweka chumba kimoja na watu wanaojua kazi wakuulize maswali magumu kuhusu drafti yako, kukuandalia jioni za filamu fupi watu waje kuangalia za wenzao na kubishana. Vitu vidogo. Ila ndo hivyo vidogo ambavyo mtu akiwa peke yake Kilifi au Kisumu na diski yake imejaa, havipati.

Na angalia kilichotoka. Philippa Ndisi-Herrmann alienda Lamu kupiga filamu kuhusu ile bandari mpya, akiwa huko akaingia Uislamu, na filamu ikageuka ikawa New Moon, safari yake ya imani. Ikashinda dokumentari bora Durban 2018. Jaribu kumwambia mteja wa video ya kisima kwamba umeenda kupiga bandari umerudi na sala. Sam Soko alimfuata mwanaharakati Boniface Mwangi miaka, tangu maandamano hadi kwenye kampeni ya ubunge na hadi jikoni kwake ambako mke anauliza familia yake iko nafasi ya ngapi, ikawa Softie, Sundance 2020 ikapewa tuzo ya uhariri. Na The Letter yenyewe Kenya iliipeleka kugombea Oscar.

Kinachonigusa kwenye zote tatu ni kwamba hakuna hata moja ambayo mwenyewe angeweza kuandika mwisho wake kwenye fomu ya maombi. Mtu alilazimika kuwaamini kabla hawajajua. Kibinge alishawahi kuwa upande ule mwingine wa meza, ameshaomba, ameshakataliwa, ameshakaa na futeji isiyotaka kuwa filamu, na nadhani ndo maana mfuko wake ulijua kumngoja mtu.

Kwa hiyo shangazi, jibu lako ni hilo. Aliyewalipa hawa vijana mwanzo ni watu waliokubali kwamba kumsikiliza yule bibi ni kazi inayostahili mshahara. Nilimpigia nikamwambia hivyo. Akasema sawa, alafu akauliza, "Na matajiri wetu je?"

## Na matajiri wetu je

Hapo sikuwa na la kusema tena.

Sisi ni watu wa harambee. Tunachangia harusi mpaka inakuwa deni, tunachangia mazishi, bili ya hospitali, karo, paa la msikiti, vyombo vya kwaya. Namba ya paybill, ile ya kutuma mchango kwa simu, ikiingia kwenye kundi la WhatsApp ndani ya saa moja watu wameshatuma. Sina wasiwasi na moyo wa kutoa, huo upo hata kwa asiye na kitu. Ila sijawahi kuona namba ya paybill ya filamu ikatumwa kwenye kundi la familia, na mtu akisema natengeneza dokumentari anaulizwa kwanza ni ya shirika gani.

Basi nikalipeleka kwenye chama chetu. Tuko wachache, wapiga harusi wa Mombasa na Kwale, tunaweka hela kila mwezi, mwisho wa mwaka kila mtu ananunua lenzi au anarekebisha pikipiki. Nikawaambia tutoe sehemu yake iwe pesa ya kwanza ya filamu moja, yetu, isiyo na mteja. Na nikawapa wazo nililolibeba muda, wale wazee waliofanya kazi kwenye kiwanda cha sukari Ramisi kilichofungwa 1988, ambao bado wanakaa hapo karibu na mabaki yake na wanakumbuka king'ora cha zamu kilivyolia.

Kelele zilikuwa nyingi. Mmoja akasema isipoisha je, hela inarudi? Mwingine akasema ikiisha nani atainunua? Mweka hazina wetu, mama mkali sana wa hesabu, akakaa kimya nikajua imekufa, alafu akasema baba yake alikuwa pale Ramisi upande wa mizani, na kwamba yuko tayari mafuta na chakula cha safari za mwanzo zitoke kwenye chama, ila asione mtu amekuja na skripti kabla hajaenda.

Kwa hiyo tunakwenda, mvua zikipungua.

Kilichobaki ambacho hatujakubaliana ni kuhusu wazee wenyewe. Mi nimependekeza waone drafti ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na kama kuna mzee anasema hapo nitoe, atolewe bila mjadala. Wawili kwenye chama wanasema tukifanya hivyo hatutabaki na filamu. Mweka hazina anasema tusipofanya hivyo baba yake haongei. Tunakutana tena Jumapili, Likoni, baada ya alasiri, na kama wewe umeshapitia hili kwenye kazi yako niandikie mlifanyaje.